Liv Fupi, Liv Ndefu

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo Mama Pasi hajalisamehe mpaka leo. Si neno la kutisha. Lina herufi nne, linaanza na L linaishia na E, na hiyo E ya mwisho haitamkwi, imekaa tu pale kama mgeni aliyeshiba akasahau kuaga. Watoto hufundishwa neno hilo katika madarasa ya chini kabisa. Wanaambiwa maana yake ni kuishi, wanaandika, wanapata vema, wanaenda zao kucheza. Mama Pasi atakwambia huo ni udanganyifu wa mchana kweupe. Atakwambia ndani ya neno hilo mna likizo, mna majani makavu, mna umeme, na mna mzee mmoja mbishi aliyekaribia kumlaza mke wake barabarani kwa sababu ya vokali moja.

Mzee mwenyewe ni mumewe. Na kwa kuwa ni mumewe, hasira yake juu ya neno na hasira yake juu ya mzee zilichanganyika zamani, wala hajishughulishi kuzitenganisha.

Mama Pasi alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni za kampuni, nyumba kadhaa zilizopangana ndani ya ua mmoja wenye geti la chuma. Mumewe alikuwa mtunza bustani wa ua huohuo, na watu wote walimwita Mzee Yesi. Msidhani jina hilo alipewa kwa heshima. Alikuwa na Kiingereza cha kuokota: kidogo kaokota kwa wageni, kidogo kwenye redio, kidogo kwenye makopo ya rangi, na palipopungua alijaziliza kwa yesi. Mgeni akimuuliza kama kuna maji ya moto, yesi. Akimuuliza kama maji yamekatika, yesi. Kuna mgeni mmoja alimuuliza kama yeye ndiye mwenye kampuni, naye kwa adabu zake akajibu yesi, na yule bwana akamshika mkono kwa mikono miwili. Siku hiyo Mama Pasi aliingiza uso wake ndani ya shuka alilokuwa akilianika, akakaa humo mpaka mgeni alipopita.

Walikaa humohumo uani. Nyuma kabisa, ukipita jiko, ukipita kamba za nguo, kulikuwa na chumba cha matofali chenye kibaraza na dirisha moja la mbao. Meneja wa zamani aliwapa chumba hicho walipooana. Hakuwaandikia chochote, aliwaambia kwa mdomo, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba wakae mpaka wachoke wenyewe. Nao hawakuchoka. Watoto wao walitambaa kwenye sakafu hiyo, wakakua, wakatawanyika kila mmoja na maisha yake, na wawili hao wakabaki na kitanda chao, kabati lao na jiko lao la mkaa kibarazani. Hawakuwa na nyumba nyingine popote chini ya jua. Kiwanja hawakununua, kwa wazazi kulishagawanywa na waliowahi. Chumba kile kikiondoka, basi na wao ni kwenda kuomba kona kwenye ukumbi wa mtoto.

Meneja wa zamani akastaafu. Akaja mpya, mwanamke mrefu kutoka mbali huko, mwenye mwendo wa haraka na simu mkononi. Wote walimwita Madam. Tusimsingizie, alikuwa mtu mzuri. Alisalimia kila mtu, alishika mkono hata wa mzoa taka. Ila Kiswahili chake kilikuwa asante, na baada ya asante ni kutikisa kichwa. Mtu pekee hapo uani aliyezijua lugha zote mbili sawasawa alikuwa karani wa ofisi, na karani, kama mjuavyo mambo yanapotaka kuharibika, alikuwa livu, yaani likizo. Lishikeni vizuri neno hilo, livu, maana nalo lina mchango wake katika kisa hiki.

Asubuhi moja Madam alizunguka ua mzima na Mzee Yesi ili aonyeshwe kila kitu. Mama Pasi alikuwa kwenye kamba zake, na macho yake yaliwafuata. Aliwaona wanasimama mbele ya chumba. Alimwona Madam anauliza kitu, mumewe anatikisa kichwa kwa nguvu. Akamwona Madam ananyoosha kidole mlangoni, anauliza tena, na mumewe anapiga saluti. Alipoiona ile saluti alijua kuna kitu kimeharibika, lakini mikono yake ilikuwa na shuka zito la maji, na mwanamke hawezi kukimbilia kila saluti ya mumewe.

Jioni mzee alirudi amejaa sifa. Alisema Madam kwanza alimuuliza kama yeye yuko livu. Naye akamjibu bila kusita, no, Madam, karani ndiye livu, mimi no livu, mimi kazi. Kisha Madam akanyoosha kidole pale chumbani akauliza, hu livz dea?

"Nawe ukaelewaje?" mkewe akamuuliza.

"Livz ni majani, mke wangu. Kila mtunza bustani anajua livz. Alikuwa anauliza yale majani makavu pale ukutani ni ya nani."

Na kweli pembeni ya mlango kulikuwa na lundo la majani aliyoyafagia akalisahau. Basi akamwahidi Madam kwamba leoleo ataondoa yote, finish, hatabakisha hata moja. Na kwa kuwa ni mtu wa kazi, aliondoa kweli. Alizoa majani, akafagia kibaraza, kisha akaona afadhali apendezeshe zaidi, akaingiza ndani kigoda cha mkewe, jiko la mkaa, ndoo, kandambili na hata kamba ya nguo zao wenyewe. Madam akapita, akaona kibaraza kitupu kama sahani iliyolambwa, akamwinulia dole gumba. Mzee akaenda kulala mtu mwenye furaha.

Sasa nawauliza nyinyi mnaosikiliza. Mwanamke wa watu kauliza kama mzee anaishi hapa, kajibiwa hapana. Kauliza nani anaishi mle, kajibiwa nitaondoa yote leoleo. Kapita, kaona hapana dalili ya binadamu. Mngekuwa nyinyi mngefikiri nini?

Siku chache baadaye akaja fundi umeme na futi yake. Akapima mlango, akapima dirisha, akachungulia dari, kisha akapanda ngazi akapigilia kibao juu ya mlango. Mama Pasi alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni, hakuweza kuuliza. Kibao kilikuwa cha njano, kimechorwa radi nyekundu, na chini ya radi neno moja tu. Mzee Yesi akafika na reki begani, akasimama, akalisoma herufi moja moja kama anayehesabu vifaranga. L. I. V. E.

"Liv," akasema, na uso ukamng'aa. "Mke wangu, neno hili nalijua kwa macho, yule mwanetu alikuwa akiliandika kwenye daftari lake la shule. Maana yake kuishi. Umeona? Tumeandikiwa kabisa kwamba tunaishi hapa."

"Na hiyo radi?"

"Hiyo ni nembo ya kampuni."

Fundi umeme alicheka mpaka ikabidi ashuke ngazi. Alipopata pumzi akawaambia ukweli bila kuupaka sukari. Neno lile hapo halisomwi liv, linasomwa laiv, na maana yake ni kwamba umeme unapita, ukigusa umekwenda. Jenereta kubwa limeshaagizwa na litakaa humo chumbani. Mwisho wa mwezi chumba kiwe wazi. Madam amesema ni kitupu, mtunza bustani mwenyewe alimthibitishia.

Mama Pasi akatema vibanio. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini huyu wake hakujikwaa, huyu alijirusha kichwa chini miguu juu. Alimwambia hivyo hapohapo mbele ya fundi. Alimwambia kwamba ameolewa na mtu anayesoma tangazo la kifo akadhani ni kadi ya mwaliko. Alimwambia na mengine ambayo hayasemeki mbele ya wakwe. Alipomaliza akamgeukia fundi, akamsihi aende naye ofisini akamweleze Madam maneno mawili tu kwa Kiingereza.

Mzee akakataa. Akasimika reki chini, akasema yeye si bubu. Ameharibu mwenyewe, atatengeneza mwenyewe, na hakuna mtu wa kumsemea mtu mzima mwenye mvi. Fundi akashukuru Mungu, akakunja futi yake, akasema yeye anatumwa nyaya, hatumwi maneno.

Hapo ndipo mnapoweza kuona kilichokuwa kikimuudhi Mama Pasi miaka yote ya ndoa yake. Si ujinga, maana kila mtu ana ujinga wake na yeye anao wa kwake. Ni ule ubishi wa kwenda na kosa lako kifua mbele, ukilifungulia njia.

Walimpigia simu binti yao, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji mwingine. Binti akasikiliza, akakohoa, Mama Pasi akajua anauma shati asicheke. Kisha akaanza kumfundisha baba yake kama anavyofundisha watoto wa watu.

"Baba, ziko tatu. Ya kwanza fupi, liv, ni kuishi. Ya pili ndefu, liiv, ni kuondoka. Ya tatu ni laiv, kitu chenye uhai ndani yake, kama umeme, au mpira unaoonyeshwa papo hapo."

Mzee akataka kujua ya kwanza na ya tatu zinaandikwaje. Akaambiwa zinaandikwa sawasawa, herufi zilezile. Akauliza, sasa msomaji atajuaje hii ni liv au laiv? Akaambiwa kwa sentensi. Yaani mtu asome sentensi nzima kwanza, ajue habari yote, ndipo arudi nyuma akalitamke neno? Ndiyo, Baba. Na hiyo ndefu, ndiyo hii livu aliyokwenda karani? Ndiyo hiyohiyo, mtu akienda likizo si anaondoka kazini? Tena ni ruhusa pia, na ni kumwachia mtu kitu, kama urithi. Na majani? Majani ni mengine, Baba, ila ukiyataja mengi yanasikika karibu na hayo.

"Hiyo si lugha," mzee akasema. "Huo ni mtego wa panya."

Mama Pasi alimjibu kwamba mtego wa panya hunasa aliyekuwamo na asiyekuwamo, na asiyekuwamo ni yeye, aliyekuwa amejikalia na mashuka yake. Binti akaomba azungumze na Madam kwa simu, jambo liishe dakika hiyohiyo. Baba yake akasema hasemewi na mtoto aliyemfunga nepi. Simu ikakatwa.

Basi yakaanza mafunzo, na mwalimu akawa dobi asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini masikio alikuwa nayo. Alimsimamisha mumewe karibu na meza ya pasi, akamwambia fupi ni kama kugusa pasi ya moto: unagusa, unatoa kidole. Liv. Ndefu ni kama kuvuta kamba ya nguo. Liiv. Usivute, gusa. Sema ai liv hia, naishi hapa. Mzee akasema, ikawa ndefu. Akarudia, ikawa ndefu. Akarudia tena, mkewe akampiga na mto wa kitanda, ikawa fupi. Ndipo Mama Pasi akagundua siri yake. Mzee akikunja uso, neno linatoka fupi na zuri. Akitabasamu tu, midomo inavutika pembeni na neno linavutika nayo. Akamwonya kwa vidole vyote kumi kwamba akifika mbele ya Madam anune. Anune kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Nitamnunia vipi bosi wangu, mke wangu? Hiyo ni tabia gani?"

"Nuna, baba. Nakuomba. Ukishamaliza kusema ndipo utacheka mpaka meno yaanguke."

Alikwenda ofisini amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Mama Pasi alibaki kwenye kamba, hajui anaanika nini. Mzee alirudi haraka, na alivyokuwa akitembea tu mkewe akajua mambo si mazuri, maana alikuwa na furaha. Alieleza kwamba Madam alimkaribisha kiti. Ni nani ambaye angenuna baada ya kukaribishwa kiti? Akamwambia ai liv hia. Madam akashtuka, akauliza kwa nini. Mzee akaona swali la ajabu kidogo, lakini akajibu, kwa sababu ya mke wangu. Mke wangu naye liv hia, sisi wote wawili liv, tugeza, pamoja. Madam akamshika mkono, macho yakamlengalenga, akasema amesikitika sana.

"Alisikitika?" Mama Pasi akauliza.

"Sana. Kajua kwamba alitaka kutufukuza bila kujua. Ameumia, mama wa watu."

Mama Pasi alimtazama mumewe usoni. Lile tabasamu lilikuwa bado liko pale, pana, halijatoka tangu ofisini. Hakuwa na nguvu za kuuliza zaidi. Alijiambia pengine, kwa mara moja tu katika maisha yao, kitu kimekwenda kama kilivyopangwa. Mtu akichoka hukubali hata asichokiamini.

Alikikubali mpaka Ijumaa. Ijumaa asubuhi mpishi alikuja kwenye kamba na unga kwenye nyusi, akamuuliza kwa huzuni wanahamia wapi. Mama Pasi akauliza nani anahama. Mpishi akasema ameagizwa aoke keki kubwa ya kuwaaga, mzee kampelekea Madam habari kwamba anaacha kazi, yeye na mkewe, wanaondoka pamoja. Madam amewachangisha wafanyakazi wote na zawadi imeshanunuliwa. Mama Pasi akamuuliza, na wewe unayejua Kiingereza ulinyamaza? Mpishi akasema Kiingereza chake kinaishia kwenye mayai.

Hakumtafuta mumewe. Angemtafuta siku hiyo pangemwagika kitu. Aliendelea kuanika kimya, na kadiri alivyoanika ndivyo alivyozidi kuchemka. Alichemka juu ya mume asiyejua kununa. Alichemka juu ya karani na livu yake. Alichemka juu ya lugha ya watu wazima ambamo kukaa na kuondoka vimetenganishwa na upana wa mdomo. Na chini ya hasira yote hiyo palikuwa na hofu, ambayo hakutaka kuitazama: hofu ya mwanamke wa umri wake kulala kwenye ukumbi wa mkwe, akisubiri watu wamalize kutazama televisheni ndipo atandike.

Mchana wafanyakazi walikusanyika kwenye veranda ya jiko. Keki ilikuwepo. Mzee Yesi alikuwepo, mstari wa mbele, akiamini kwamba hiyo ni keki ya kuwaomba radhi, na Madam aliposimama kusema alikuwa akiitikia yesi kila baada ya pumzi. Madam alisema kwa sauti ya kutetemeka. Kisha akamkabidhi Mama Pasi zawadi yao. Ilikuwa begi la safari, jipya, la magurudumu.

Mama Pasi akalipokea. Akalitazama. Wote waliokuwepo wanasema hawajapata kuona mtu akilitazama begi kwa macho yale. Mumewe naye akalitazama, na taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, akaanza kuelewa, na lile tabasamu likamtoka.

Mama Pasi akasogea mbele. Alimshika Madam mkono, kwa mkono wake mtupu wa dobi uliokauka kwa sabuni, akamvuta. Akavuta Madam kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine, magurudumu yanalia kwenye changarawe, wakapita kamba za nguo, wakafika mlangoni chini ya kibao cha njano. Akausukuma mlango kwa goti.

Madam akaona kitanda kimetandikwa. Akaona viatu vya mzee chini yake, vimepangwa. Akaona kabati, na juu ya kabati masanduku ya nguo za watoto ambao walishakuwa watu wazima. Akaona kigoda, jiko la mkaa, na sufuria iliyokuwa bado na mvuke. Mama Pasi akalitupa begi juu ya kabati kama kitu kisichohitajika, akaenda kitandani, akajilaza na viatu vyake, akafumba macho, akakoroma. Akaamka. Akakoroga sufuria, akaonja. Akamwita mumewe kwa kidole, akamsimamisha katikati ya chumba, akamnyooshea Madam vidole viwili vilivyobanwa karibu karibu, kuonyesha kitu kidogo, kifupi.

"Liv," akasema. Uso wake ulikuwa umekunjwa kama ngumi, na neno likatoka fupi kuliko lilivyopata kutoka kinywani mwa mtu yeyote katika ua ule. "Liv. Hapa."

Madam akaweka mkono mdomoni. Akamtazama mama, akamtazama mzee, akatazama nyuma yake mahali ambapo lundo la majani lilikuwa siku ile, na mtu akaona kichwani mwake mambo yanarudi nyuma moja moja na kukaa mahali pake. Akaketi kwenye kigoda. Akaanza kutikisa kichwa, na machozi yakamtoka, na alikuwa pia anacheka. Kisha akakumbuka simu yake. Akaandika kitu, simu ikamtafsiria, akasoma mdomo ukicheza, akasimama wima kama mtu anayekula kiapo, akawaambia kwa Kiswahili:

"Nyinyi mtaisha hapa. Wote wawili. Mtaisha hapa."

Mpishi, aliyekuwa amefuata kuchungulia, akarudi hatua nyuma. Mzee Yesi akapauka. Akamnong'oneza mkewe kwamba sasa wanatishiwa uhai, heri wangeondoka na begi lao salama.

Na Mama Pasi, jamani, Mama Pasi akaanza kucheka. Alicheka akajishika kitandani. Alicheka kwa wiki nzima ya hasira. Siku zote hizo alikuwa akidhani ni wao tu walionyimwa mdomo, na kumbe vokali haichagui mtu. Alipopata sauti akamshika Madam kidevu, kama alivyokuwa akimshika binti yake akimlisha uji, akamwambia si isha, ni ishi. Kuisha ni kwisha, ni kufa. Ishi. Madam akasema isha. Mama Pasi akasema hapana, tabasamu kidogo, vuta mdomo. Madam akatabasamu, na likatoka.

"Mtaishi hapa."

"Ehe," akasema Mama Pasi. "Sasa umesema neno."

Jenereta likapelekwa nyuma ya jiko, likamsumbua mpishi, na Mama Pasi aliona hiyo ni haki tupu. Keki waliila. Karani aliporudi kutoka livu aliuliza kama kulitokea lolote asipokuwepo, na Mzee Yesi akamjibu yesi, akaenda kumwagilia maua. Kibao hakikutolewa. Mzee alikataa kata kata. Alisema fundi akisome laiv kwake, hapa kinasomwa liv, na wageni wapya waliokuwa wakipita uani walikizunguka chumba kile kwa mbali, wakiogopa kuungua.

Lakini msidhani yaliishia hapo, maana mzee hakuwa mtu wa kujifunza mara moja. Miaka yote iliyofuata, kila mgeni aliyemuuliza anakaa wapi, alitabasamu na kumwambia kwamba anaondoka. Kila mara mkewe alipiga kelele kutoka kwenye kamba, fupi, baba, fupi. Ikawa ndiyo salamu yao. Akichelewa kuamka, fupi. Akisimulia hadithi ndefu, fupi. Madam mwenyewe, ambaye Kiswahili kilimkaa vizuri mwishoni, alikuwa akipita na kumwambia fupi, mzee.

Mzee aliugua baada ya wao wawili kupumzishwa kazi, na waliachiwa chumba kwa amri ya Madam. Aliugulia kitandani palepale. Binti alikuja akataka kumhamishia kwake, akakataa, akasema ameshaandikiwa mlangoni. Asubuhi moja jua lilikuwa limeingia dirishani na Mama Pasi alikuwa akimpangusa uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mzee akafumbua macho, akamtazama muda mrefu, akatafuta Kiingereza chake cha kuokota.

"Mke wangu," akasema. "Ai liiv."

Alikuwa ametabasamu, na neno likavutika kama kawaida yake. Mama Pasi akachukia kama kawaida yake. Baada ya miaka yote hiyo, na pasi, na mto wa kitanda.

"Fupi, baba," akamwambia. "Mara ngapi nikwambie. Kunja uso, sema fupi."

Mzee akatikisa kichwa juu ya mto, taratibu, na tabasamu lake halikuondoka.

"Hapana, mama," akasema. "Leo ni ile ndefu."